Namba Zenye Zilisimamisha Lori Kalunguta

Yaya wangu Zawadi,

Jambo sana toka Butembo. Mugongo ya mama inaendelea namna gani? Huko Kindu munakula? Mimi niko muzima. Tangu vita ifunge njia ya kwetu, barua zinazunguka na Kasindi, ku mupaka wa Uganda, donc usikasirike kama hii inakawia.

Yaya, kidogo tu banifunge juu ya hesabu.

Ku masomo kwenye ninafundishaka kuko ordinateur moja, inatumika siku yenye groupe ya umeme iko na mafuta. Pasteur mumoja wa Bungulu, kule Beni, alinipa fumbo: 1, 11, 21, 1211, 111221. Nini inafuata? Nilijumlisha, nikazidisha, siku tatu, bure. Mama Masika, mwenye anatuuzishaka chai, akasoma karatasi kwa sauti: "Hapa kuko moja ya moja. Hapa, mbili za moja." Nikapiga kelele! Kila mustari inahesabu ile ya juu yake. 11 ni mbili za moja: 21. 21 ni moja ya mbili na moja ya moja: 1211. Nikaandika programme, mashini ikatoa mistari kumi na tano.

Nikapanda lori ya Beni, nimuonyeshe pasteur. Ku barrière ya Kalunguta, kwenye askari banasimamishaka lori, mumoja akafungua sakoshi yangu, akatosha karatasi ya namba.

"Hii ni code! Unatumikia nani?"

"Ni hesabu, chef."

"Hesabu gani, hata plus haina?"

Akanipeleka kwa commandant.

"Eleza," commandant akasema. "Ukikosa, unabakia hapa."

Nikamufundisha sawa batoto ba première, darasa la kwanza. Kufika 1211, akaninyanganya kalamu, akaita askari yake yote. Bakaanza kubishana juu ya yenye inafuata 111221.

"Inaanza na tatu! Tatu za moja!"

"Hapana, kaporali! Moja ziko tatu!"

"Si ni ile ile?"

Batu ba lori banalalamika, kuku zao pia. Mwisho commandant akaandika 312211, akalinganisha na karatasi yangu, akaruka sawa mutoto. Akaniachilia, mais karatasi akabakia nayo. Pasteur nilimupa jibu kwa kinywa. Akavua miwani: "Aksanti, mwalimu. Hata mimi nilikuwa nimeshindwa."

Siku ya kurudia, nilikuta lori zimejipanga Kalunguta. Askari hapana kuuliza feza, hapana kuuliza kitambulisho. Balitaka mustari yenye inafuata, ndipo lori ipite. Chauffeur wetu akanitosha nyuma ku magunia, akanikalisha mbele karibu naye.

Salimia mama, salimia shemeji fundi wa viatu, na shangazi wa chorale. Munikumbuke mu maombi.

Mudogo wako,
Furaha, mwalimu