Pikipiki ya Baba Haitoki Hapa

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Habari za huko, na wifi na watoto hawajambo? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri, presha imeshuka, ni goti tu linalomsumbua asubuhi. Nakueleza haya kwa sababu mwezi huu umeulizia pikipiki mara tisa, goti hata mara moja.

Hilo neno “mpendwa” nimeliandika kwa kuwa ndivyo barua zinavyoanza. Usidhani nimepoa.

Nimesikia unavyowaambia ndugu kwamba nimeiua pikipiki ya Baba. Haya, tuizungumze hiyo maiti. Baba anafariki, injini ilikuwa imeshakufa kabla yake. Ulikuja msibani, ukaipiga kiki mpaka kiatu kikaachia soli, ukaamuru isiguswe, kwamba utarudi kuitengeneza. Ukaondoka. Miaka minne imeegemea ukuta, matairi yamelala, kuku wa jirani akitaga juu ya kiti. Hukutuma hata spoki.

Miaka hiyo mimi nilikuwa natembea. Kiwandani kwetu geti hufungwa saa moja kamili, na mshonaji akichelewa mara tatu hana kazi. Nilikuwa nimeshachelewa mara mbili. Dawa za Mama zinanunuliwa na mshahara huo, hazinunuliwi na sauti yako nzito ya kwenye simu.

Ndipo nikamwita Waya, fundi umeme niliyesoma naye. Tukaiteremsha injini, kilo ishirini na sita, mahali pake tukafunga betri ya kilo kumi na tisa, na mota ikaingia ndani ya gurudumu la nyuma. Fremu, usukani na taa ni vilevile vya Baba. Kazini ni kilomita kumi na moja. Chaji moja inanipeleka hamsini, yaani siku mbili za kwenda na kurudi, na kilomita sita za akiba. Hesabu hiyo haihitaji mtu aende ng'ambo kuisomea.

Ulisema nitamchoma Mama usingizini. Naichaji uani, juu ya saruji, mbali na chumba chake, na mimi nikiwa macho. Ulisema pia breki za zamani hazitaimudu. Hapo ulisema kweli, na imeniuma kukiri. Nimeshazibadilisha zote mbili.

Sasa nije kwa mjumbe wako. Jumapili iliyopita alikuja binamu, yule unayemwita mkono wako wa kulia. Salamu hakutoa. Akasema umemtuma aichukue, akakutunzie kwake mpaka urudi. Nikamweleza habari za geti na ile mara ya tatu. Akanijibu kwamba ugomvi huo ni wangu na kaka yangu, yeye katumwa tu, na kabla sijaweka chini kitambaa nilichokuwa nafutia vumbi akawa ameshapanda.

Akatafuta kiki, mguu ukapiga hewa. Akazungusha ufunguo, kimya. Basi akawageukia majirani akicheka.

“Mnaona wenyewe. Toroli hili. Halina hata pumzi.”

Nikamwambia asiguse mkono wa mafuta, imeshawaka, mota haingurumi. Unamjua binamu, mwanamke hawezi kumwambia kitu kuhusu pikipiki. Akauzungusha wote, kama mtu anayeamsha injini iliyogoma. Pikipiki ikaruka naye, ikapita katikati ya mashuka ya Mama kambani, ikalala ubavu. Yeye alikutwa amekaa ndani ya beseni la povu, shuka kichwani kama bibi harusi. Majirani walicheka mpaka wakashikana. Kwa hiyo huo uongo aliokupelekea, kwamba nilimsukuma, mrudishie. Mikononi mwangu mlikuwa na kitambaa tu.

Kilichoniudhi ni kwamba hata pale kwenye beseni hakuona haya. Akaniambia neno la mzaliwa wa kwanza ndilo la mwisho, na kwamba atarudi na wanaume wanne. Nami nilijua siwezi kushindana na wanne. Hapo Mama, ambaye tangu mazishi hajawahi kuingia kati yetu, akaokota shuka lake lenye tope, akalikamua taratibu, akasema:

“Baba yao aliinunua ili afike kazini. Anayefika nayo kazini ndiye mwenye nayo. Kamwambie aliyekutuma.”

Binamu aliondoka akichuruzika maji. Najua ujumbe huo hakukufikishia, maana jana umenitumia vitisho vilevile. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Mama amenisikiliza nikimsomea, hakubadilisha neno.

Basi sikia. Usitume mtu mwingine. Kama ni kumbukumbu unayoitaka, injini nimeipaka oili na kuifunga kwenye gunia, njoo uichukue uilie vizuri. Pikipiki inabaki hapa, na kesho kabla ya saa moja itakuwa ndani ya geti la kiwanda.

Nisalimie wifi, Kibonge na mdogo wake. Mama anakusalimu, shangazi pia, ingawa yeye bado yuko upande wako. Mungu akulinde huko uliko na akulainishie ulimi. Siku utakayokuja nitakupokea stendi kwa pikipiki hiyohiyo. Utavaa helmeti, begi utalipakata mwenyewe, na utakaa nyuma.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa shida.