Supu ya Bibi wa Mlimani

Mdogo wangu Mwajuma,

Hamjambo hapo La Rochelle? Wanangu wanakula?

Salma alinipandisha mji wa kale huku Italia, mawe matupu, uko juu mlimani, baridi inauma. Bibi mmoja akaniona natetemeka, akanipa bakuli la supu mlangoni kwake. Nikaogopa isiwe ina nyama ya nguruwe, nikakataa kwa mkono. Akalirudisha ndani.

Jioni Salma ananiambia, “Ah, Mama, supu yao hapa ni maharage na mkate tu.”

Leo nimerudi na chapati zangu, kumbe bibi kasafiri kwa mwanawe. Jirani kazipokea, kala moja palepale, kasifu. Lakini hazikuwa zake, mdogo wangu, na kesho tunaondoka.

Geti mlifunge mapema. Nawapenda.

Dada yako, Mama Salma