Mke Mwenzangu Salma

Mke mwenzangu,

Anayeandika ni Zuwena, binti wa dada yangu, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemwambia asinipambie maneno. Akianza na kukujulia hali nitamzaba kofi. Hali yako naijua, nimekuosha kwa mikono hii.

Wanaokuja kunihani wananiambia, Bibi Zuhura, subira. Haya, nimesubiri. Hasira haijatoka. Imevuta mkeka, imekaa.

Ulipokuwa mdogo unaitwa Salum, nilikuita mume wangu, kama bibi yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kiume; wa kike humwita mke mwenza. Nikikuuliza mume wangu umeniletea nini, unanipa kokwa ya tende uliyokwisha kuinyonya. Ukakua. Siku moja ukaingia jikoni kwangu umevaa gauni, unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikakutazama juu mpaka chini. Nikasema, "Haya, mke mwenza, hivyo vitunguu vitajikata vyenyewe?" Ukalia, ukavisingizia vitunguu. Basi, hatukulizungumza tena.

Rukia wa mlango wa pili alikuwa anajua. Kakulia hapa hapa mtaani Rashidiya, huku Uarabuni, kala mkate wa kumimina kwangu mpaka kavimbiwa. Naye nilimwita mke mwenza. Mlipochukuliwa wote wawili kwenye yale mashindano ya kupika ya televisheni, nilitamba mtaa mzima kuwa wake wenza wangu wanakwenda kuwaonesha watu mapishi.

Siku ile sebule yangu ilijaa wanawake waliokuja kuwatazama. Mko mezani kwenye ile nyumba ya mashindano, kule mtaa wa Marina, kamera kila pembe, umewashinda wote kwa mkate wangu. Msichana mmoja wa Kifilipino, mshindani mwenzenu, akakuuliza nani kakufundisha. Ukasema bibi yangu, naye huniita mke mwenza, ukawaeleza utani wetu, wakacheka. Rukia akaweka kijiko chini.

"Muulizeni alikuwa anaitwaje alipokuwa mdogo."

Hakukungoja. Akasema mwenyewe, kwa Kiarabu, polepole, asije mtu akapitwa: alikuwa anaitwa mume wangu, huyu ni Salum.

Neno langu, Salma. Neno nililokubembelezea, mtu kalinoa akakuchomea. Sebuleni wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Wenye kipindi walikuwa wanajua tangu mwanzo, wakajitia kushtuka, na kile kipande wakakirudia kila siku kama tangazo la sabuni. Hotelini ulikokuwa unapika, madam wako akakwambia khalas, usirudi. Ukarudi kwangu, ukafunga dirisha. Pumu ikakubana mchana mmoja, nikasema twende hospitali. Ukanishika mkono. "Bibi, wataniuliza niende upande gani, wa wanaume au wa wanawake." Nilikuwa nimeshavaa baibui. Nilikuwa nimekwisha kumwita dereva wa teksi, anapiga honi mlangoni, na wewe pumzi inakatika kwa sababu ya upande.

Hata maiti yako wakaiuliza. Waoshaji wanawake wanasema si wetu, wanaume wanaona haya. Nikawaambia, akiwa mwanamume ni mjukuu wangu, akiwa mwanamke ni mjukuu wangu, nipeni maji. Wakaleta sanda ya kiume, shuka tatu. Nikavua ushungi wangu nikakufunga kichwa, nikatoka pale kichwa wazi, mimi mtu mzima. Asiyependa alitazama ukutani.

Kwenye hitma maalim akauliza tumtaje kwa jina gani. Baba yako akasema Salum, anatazama zulia. Mimi nyuma ya pazia nikasema Salma, wakasikia mpaka barabarani. Maalim, Mungu ampe umri, akaomba kwa Kiswahili: Mola msamehe, mlaze pema. Hapo nikaishukuru lugha yetu. Kiarabu kinataka kujua kwanza maiti ni mwanamume au mwanamke. Chetu kinamwombea tu.

Na Rukia alikuja. Ndiyo. Kabeba sinia la sambusa, kalia vizuri, wanja umechuruzika. Akasema, "Bibi, yale yalikuwa mashindano tu."

Nikamuuliza, ulipokuwa unakula kwangu nilikuwa nakuitaje?

Akasema mke mwenza.

"Basi leo nimekuacha. Talaka tatu."

Akacheka, akidhani ni utani. Akasema, Bibi, mwanamke hatoi talaka. Nikamwambia najua, lakini mimi nimetoa, chukua na sambusa zako. Alipoona sicheki, alichukua sinia. Akipita dirishani sasa hainui uso, na mimi simwiti. Mtaa mzima sina tena wa kumtania. Utani wangu mmeondoka nao, wewe na yeye.

Mkate wa kumimina sijaupika. Zuwena ananiomba, nampa wa dukani.

Salma, mimi sitaishi sana, na wala sing'ang'anii. Lakini maadamu nina ulimi, hakuna atakayekutaja Salum mbele yangu akamaliza chai yake. Hiyo ahadi, Zuwena ameiandika, na mimi nimeishika kichwani kwa sababu kusoma sijui.

Lala, mama. Pumua. Nikiletwa huko makaburini wakiniuliza nilazwe upande gani, nitawaambia kwa mke mwenzangu.

Bibi yako,
Zuhura