Koti Lako na Fukusi Wasioonja Sumu

Mume wangu, leo umetimia mwaka tangu asubuhi ile ulipoinama kufunga kamba za viatu, usiinuke tena. Kiatu cha kushoto ulikuwa umeshakifunga.

Watu walikujua kwa upole. Hukumpandishia mtu sauti, hata aliyekukanyaga. Kazini walikuita Mzee wa Fukusi, nawe ukaitika. Nikikutania, "Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga fukusi!" ulinijibu kwa uso mkavu, "Kuku wana kelele."

Miaka kumi na minne ulilea ukoo mmoja wa fukusi kwenye chupa za vioo pale maabara, kizazi baada ya kizazi, ukiwalisha mahindi safi ili wasionje sumu hata chembe. Ulitueleza mezani mpaka wanao wakakariri. Fukusi wa maghalani siku hizi wanapuliziwa dawa na bado wanatafuna, kwa sababu mwilini mwao kuna kimeng'enya kinachoivunja sumu. Ili ujue kimebadilika wapi, ulihitaji kuwalinganisha na fukusi wasioijua sumu kabisa, na hao walikuwa wako tu. Dawa kidogo sana ingewamaliza. Uliombwa uwagawe, ukakataa, ukisema hakuna atakayewatunza kama wewe.

Ili usiwapelekee sumu kwa mikono au nguo, nyumbani kwetu dawa ya wadudu haikuingia. Mende walipita wakitusalimia, mbu wakatunyonya, nasi tukakuvumilia. Kila asubuhi uliwanusa watoto mikono kabla hawajakuaga, wakacheka mpaka machozi.

Siku ya msiba nyumba ilijaa, na wageni wakawa wanajikuna. Dada yako akaniuliza, "Wifi, hamna dawa humu?" Nikamtuma dukani. Alipoleta, nilipuliza mwenyewe: sebuleni, ukumbini, chumbani kwetu. Koti lako jeupe la kazini lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Sikuliwaza. Akili yangu siku ile haikuwepo.

Baada ya mazishi akaja mwenzako wa maabara, yule mrefu uliyempa jina la Twiga, akaliomba koti. "Nitalivaa nikiwalisha, shemeji. Kwangu itakuwa kama bado yupo." Nililikunja vizuri nikampa kwa mikono miwili, na ndiyo siku ya kwanza niliyotabasamu. Hakulifua. Alijua nyumba hii haipuliziwi dawa. Akalivaa, akaingiza mikono kwenye chupa moja baada ya nyingine kuwabadilishia mahindi.

Siku ya nne alirudi. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Shemeji, mlipuliza dawa?"

Nilielewa hapo hapo. Chupa zote zilikuwa zimetulia, hakuna hata mmoja anayetambaa. Ulikuwa umebakiza miezi mitatu umalize utafiti, uliniambia mwenyewe. Twiga ameandikia kila maabara anayoijua, na hakuna yenye fukusi kama wale. Daftari zako sita ziko kabatini. Nazipangusa vumbi, lakini sina wa kumpa.

Wote wananiambia si kosa langu. Wanao wananikumbatia. Sitaki kukumbatiwa. Nataka uje unigombeze, wewe usiyejua kugombeza, halafu unyamaze kama ulivyozoea, nikupikie chai.

Juzi nilikuwa nachambua mahindi ya dukani, fukusi mmoja akatoka. Nikaenda kulitafuta lile kopo la dawa ambalo sikuwa nimeligusa tangu msiba, nikampulizia mpaka akalowa. Alisimama kidogo, kisha akaendelea na safari yake mezani kama mtu aliyenyeshewa na manyunyu. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, majirani wakaja. Wangenielewaje? Nilitaka kukuuliza kwa nini hafi, na wewe ndiye uliyekuwa unakaribia kujua.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti yako mwalimu. Wanao mapacha, ambao hadi leo wananusa mikono yao kabla ya kutoka. Dada yako, ambaye aibu imemzuia kukanyaga kwetu, na tunamwomba arudi. Na Twiga, aliyelifua koti lako mara saba na bado hathubutu kulivaa.

Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiza. Nisamehe, baba watoto.