Gari Halikuibiwa Kitu

Mama,

Dawa yako ya presha iko juu ya friji, umeze ukishakula. Mvua ikianza uanue nguo. ~~Sirudi mpaka jioni.~~ Nitarudi mchana.

Nimeondoka ukiwa bafuni kwa sababu ana kwa ana ningelia tu. Yule kaka uliyemfukuza asubuhi si mwizi. Nilitoka zamu hoi, nikapitiwa na usingizi, naye akaniletea gari nilione kama tulivyoahidiana. Nimezinduka nakusikia getini: "Huna haya! Umeng'oa redio, umeng'oa zulia, halafu unamletea mwanangu mifupa?"

Mama, aling'oa makusudi, gari liwe jepesi. Ni la kukimbiza kwenye uwanja wa mbio siku zangu za mapumziko, si la kwendea sokoni. Nimelitafuta miaka miwili. Saa nne anakuja mnunuzi mwingine, kwa hiyo nakimbilia kumwomba radhi kabla hajaliuza.

Sijakasirika. Nimechoka tu. Lina viti viwili, na kila nilipoliwaza, kwenye kile cha pili nilikuona umekaa wewe, umeshikilia mtandio, unanigombeza nipunguze mwendo.

Kitindamimba wako