Kompyuta Iliyoshiba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje tangu ile siku ya mifuko ya saruji? Na wifi je, bado anakukataza kuinua hata ndoo? Mwambie niko upande wake. Sisi huku hatujambo. Mama mkwe anakula vizuri, analala vizuri, na anagombana na redio kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa furaha, ndiyo maana mwandiko umetanuka hivi. Kompyuta ya dukani imefunguka, bila kufutwa yote! Najua uliniambia kwenye simu niache kuhangaika, fundi aifute tu nianze upya. Ulisema kwa upendo, lakini hukujua mlikuwa na nini humo ndani.

Ilikuwa hivi. Jumatatu mfumo wa Linux uliniuliza kama nataka toleo jipya. Marehemu shemeji yako hakuwa akiogopa swali hilo. Alibonyeza ndiyo, akaenda zake kunyoa ndevu. Nami nikabonyeza ndiyo. Ilipojiwasha tena, nikaandika nywila, skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikanirudisha palepale kuniomba nywila. Nikaandika tena, ikanirudisha tena. Wateja wa kuchapisha barua walisimama mlangoni, wakanipa pole, wakavuka barabara kwenda kwa jirani. Mama mkwe akasema hajapata kuona mwenyeji wa namna hii, anakukaribisha vizuri, ukishavua viatu anakufungia mlango.

Fundi wa mtaani, yule tunayemwita Daktari, alipita na mkoba begani, ana haraka. Akasema nywila yangu ni sahihi, kwa sababu ningekosea mashine ingeniambia. Dawa ya haraka, akasema, ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, na angekuja Ijumaa. Nikamwomba asinifanyie hivyo. Akacheka, akasema wagonjwa wake wote huomba hivyo wakiona sindano.

Alhamisi mchana nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibodi nikakumbuka jambo. Zamani kipanya kilipokufa, shemeji yako alibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, skrini ikageuka nyeusi yenye maandishi meupe matupu. Akaniambia huo ni mlango wa uani, wa kupitia siku ule wa mbele ukigoma. Nikabonyeza. Ikaniuliza jina, ikaniuliza nywila, nikaingia! Nilipiga ukelele, mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimeona nyoka.

Nikampigia Daktari. Naye akafurahi kweli, akaanza kunitajia herufi moja moja za kuandika, tuone diski ina nafasi kiasi gani. Haikuwa na nafasi hata kidogo. Akasema mashine imeshiba hadi kooni, kila nikiingia inataka kuandika mambo yake, inakosa pa kuandikia, inanitoa nje. Tukaondoa mabaki ya lile toleo jipya, lakini hayakutosha. Akaniuliza nimeweka nini humo hata ikajaa hivyo.

Kaka, ilikuwa ni mimi. Unakumbuka siku tulipopaka duka rangi? Shemeji yako alisahau kuzima kamera, ikarekodi mchana mzima: anapita na brashi, anabishana na mama kuhusu rangi ya kijani, anaimba vibaya. Tangu tumzike, kila nikishikwa na hofu kwamba video hiyo itapotea, natoa nakala nyingine, naiweka humohumo kwenye kompyuta. Nimekuwa nikifanya hivyo miezi yote hii. Sikumwambia mtu. Ile hofu ya kumpoteza ndiyo iliyonifungia mlango.

Kufuta kukanishinda. Zilikuwa zinafanana zote, lakini kidole kilikataa. Nikamweleza mama mkwe, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Akasema yeye alizaa mmoja, na huyo mmoja alimtosha. Nami nibakize mmoja.

Nikafuta, kaka. Moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu, nikabakiza ile ya kwanza. Nikarudi mlango wa mbele, nikaandika nywila, skrini yetu ya kawaida ikafunguka na mafaili yote mahali pake. Tulikumbatiana na mama mpaka mwiko wake ukaanguka. Daktari alipita akanitilia nakala kwenye flashi, iwe nje ya mashine, akaniita fundi mwenzake. Flashi hiyo mama kaichukua, iko chini ya mto wake.

Jioni tuliitazama. Tumeshaiona mara nyingi tukilia. Safari hii alipoanza kuimba, mama alimwambia anyamaze, amalize ukuta, na tukacheka wote wawili.

Leo nimefungua mapema, na foleni imefika nje. Nisalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawabusu. Ukija, njoo na kazi ya kuchapa, ila bei ni ileile, undugu baadaye.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye duka.