Sufuria ya Pilau Iliyogeuzwa Ushahidi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Bado anakupakulia chakula kwa mazoea, kisha anakumbuka uko gerezani, anakifunika na kukitia kwenye friji. Mimi nina hasira, Baba, na leo sitaificha.

Unakumbuka asubuhi ile jikoni kwetu hapa Euless, Texas? Hukuwa umelala vizuri tangu ajali. Yule mzee alijitosa barabarani mbele ya gari yako ulipokuwa ukitoka kushusha abiria uwanja wa ndege, akafa palepale. Tangu mwanzo ulisema taa yako ilikuwa ya kijani. Kamera haikuwapo. Ukamwambia Mama abandike pilau, ile sufuria kubwa ya sikukuu, tumpelekee mjane wake. Nikakuuliza kama ni busara. Ukanitazama kama niliyekosa adabu.

"Mtu kafiwa, mwanangu. Ntakaaje nyumbani?"

Tukaenda. Yule mama akatufungulia, akapokea sufuria kwa mikono miwili, mkakaa sebuleni mkalia pamoja. Hukukiri kosa lolote, maana hukuwa nalo. Nilikuwapo.

Ukashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Tukaambiwa tusihofu, sheria ni nzuri: kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, wewe unaweza hata kunyamaza, na lile jopo la raia kumi na wawili likibaki na shaka ya maana, lazima likuachie. Haya. Mbona basi mwendesha mashtaka, alipokosa kamera na kukosa hata mtu mmoja aliyeiona taa, aling'ang'ania pilau? Akamwita mjane atoe ushahidi.

"Alikuletea chakula?"

"Ndiyo."

"Alilia?"

"Ndiyo, lakini mume wangu..."

Akamkatiza: ajibu alichoulizwa tu. Jaji akakubali. Na wakili wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na kuuliza "lakini nini?", akasema hana maswali. Hana maswali! Ati aliogopa machozi ya mjane yangetuumiza.

Ukaamua kusema mwenyewe. Ukaulizwa kupitia mkalimani, kama huna hatia ulifuata nini nyumba ile. Ukajibu, "Kafiwa, bwana. Ungekuwa wewe usingekwenda?" Mwendesha mashtaka akatabasamu, akaligeukia jopo, akasema asiye na hatia hapeleki sufuria. Wakakutia hatiani.

Kinachonichoma ni kwamba watu wale si wageni wa jambo hili. Hapa Texas mtu akifiwa, majirani wanapishana mlangoni na mabakuli ya makaroni na kuku wa kuoka. Sidhani kama kati ya wale kumi na wawili yupo ambaye hajawahi kubeba bakuli namna hiyo. Wakibeba wao ni utu, ukibeba wewe umekiri kosa!

Hata watu wetu wameingiwa na woga. Bi Zuhura, jirani yetu aliyetoka Mombasa, alikuja kutupa pole, akasema, "Lakini na nyinyi, si mngem-call lawyer kwanza kabla hamjapika?" Nilimwongezea chai kwa kuheshimu umri wake tu. Juzi kumetokea msiba mji wa jirani, Irving, watu wakapigiana simu kuulizana kama ni salama kwenda. Kwenda kuhani, Baba!

Basi Jumamosi mlango ukagongwa. Nafungua, ni yule mjane, kashika sufuria yetu.

"Walinikata maneno," akasema. "Mume wangu hakuwa na subira na taa. Akiona nyekundu anavuka tu, miaka yote namgombeza. Nilitaka kusema. Hakuna aliyeniuliza."

Sikujua nimkumbatie au nimpigie kelele, nikafanya yote mawili. Kisha nikampeleka kwa wakili mpya, akarudia maneno yale yale chini ya kiapo. Tunaomba kesi yako isikilizwe upya. Wakili hajaahidi kitu, nami sitakuahidi, ila safari hii mjane ataulizwa.

Nilipofunua ile sufuria, ndani mlikuwa na mkate wa mahindi, bado una moto. Kumbe na kwao hawarudishi chombo cha watu kitupu. Mama alikata kipande, akakitazama, akalia, akala.

Sufuria imerudi, Baba, tena imejaa. Uliyebaki ni wewe.

Anayekungoja,
Binti yako mkubwa, Rukia